Faru wa Makueni na Msitu wa Chyulu

Ndugu msomaji, ukitajiwa Ukambani, yaelekea mawazo yako yatakwenda kwenye nchi kavu: vumbi jekundu, mibuyu iliyosimama peke yake, mito ya mchanga isiyopitisha maji ila siku chache za mvua, na akina mama wakichimba katikati ya mchanga huo ili wajaze madebe. Picha hiyo si ya uongo, kwani sehemu kubwa ya Kitui na ya Makueni ndivyo ilivyo. Lakini pako mahali pamoja, kusini mwa Makueni, ambapo mara nyingi asubuhi mawingu huteremka yakakaa juu ya miti. Miti yenyewe huvaa ndevu za kijani, na udongo ulio chini yake hauonji jua. Mahali hapo ni vilima vya Chyulu. Nataka twende huko pamoja, wala usiende kama mtalii atakaye picha tu, bali kama mgeni ajuaye habari za nyumba anayoingia. Nyumba hii ina habari nzito, na si zote zilizoandikwa katika ubao wa langoni.

Shika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Utapita Sultan Hamud na Emali, kisha utafika Makindu, penye hekalu mashuhuri la Masingasinga lililojengwa mwaka wa 1926, ambapo mpaka leo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo na bila kuulizwa dini yake. (Ukiwa na njaa, usione haya.) Kutoka hapo mpaka Kibwezi tazama upande wako wa kulia. Utaona safu ndefu ya vilima vya mviringo, kimoja nyuma ya kingine, kama vichuguu vya mchwa vilivyoota nyasi. Kilele kirefu kuliko vyote hukaribia mita 2,200 juu ya bahari. Vilima hivi vilitupwa juu na moto wa chini ya ardhi, na wataalamu wa miamba huvihesabu miongoni mwa milima michanga kabisa ya namna hiyo duniani. Moto wa mwisho ulitoka katikati ya karne ya 19, basi walikuwako watu walioona kwa macho yao mawe yakiyeyuka na kutiririka kama uji. Mawe hayo, yaitwayo zaha, yangali yamelala meusi na makali hata leo, na ndani yake mna mapango marefu yaliyoachwa na mikondo ya moto. Moja la mapango hayo limepimwa likaonekana kupita kilomita 11.

Ajabu ya Chyulu ni kwamba mvua hunyesha na mto hauonekani. Panda, shuka, zunguka, hutakuta kijito kimoja kinachodumu mwaka mzima. Ardhi ile ina matundu kama sifongo. Maji huzama papo hapo, yakasafiri gizani chini ya mawe, kisha yakachomoza mbali katika chemchemi: Kiboko, Makindu, Umani karibu na Kibwezi, na kubwa kuliko zote Mzima, iliyo ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu miaka ya 1950 maji ya Mzima yamekuwa yakipelekwa kwa bomba mpaka Mombasa. Kwa hiyo mtoto wa pwani anywaye maji ya bomba hilo anakunywa ukungu ulioshikwa na miti ya Chyulu, japo pengine hajapata kulisikia jina lake. Msitu wenyewe umekaa juu ya vilele na katika mabonde ya kreta za zamani. Si msitu mkubwa kama ule wa Kongo, wala hauko wazi kwa kila mtu afikaye barabarani. Njia ni mbovu, na gari dhaifu halifai. Ukishauingia, utakuta makangaga na okidi juu ya matawi, na kuvumwani inayoning'inia kila mahali. Wamo nyati, pongo, chui na nguruwe mwitu. Pofu hula katika nyasi za mitelemko, na tembo hupita wakati wa mvua. Na yumo mnyama mmoja ambaye huenda usimwone hata ukikaa mwezi mzima. Kwa ajili yake hasa ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini kabla ya mnyama, watu.

Wakamba hawakuijua nyika hii kwa kusimuliwa na askari wa hifadhi. Katika karne ya 19 waliijua kama wewe unavyoijua njia ya kwenda shuleni. Misafara yao ilitoka Kitui ikakata nyika mpaka pwani, ikipeleka pembe za ndovu, nayo ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mkuu mmoja wa misafara hiyo aliitwa Kivui wa Mwendwa, mtu wa Kitui, ambaye sifa zake zilifika Mombasa. Mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alitoka Rabai mwaka wa 1849 akapita Kikumbulyu, ndiyo nchi ya Kibwezi ya leo, mpaka akafika kwa Kivui. Huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalifunguka, naye akauona mlima wenye theluji ambao Wakamba walikuwa wakimtajia. Jina alilolisikia kwao ndilo lililogeuka kuwa jina la nchi yetu, Kenya. Mwaka wa 1851 alirudi, akafuatana na Kivui kuelekea mto Tana. Wakashambuliwa njiani, Kivui akauawa pamoja na baadhi ya watu wake, na Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto hakuwa na chombo, akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Nimeona niyaeleze haya ili upime: mgeni msomi alikuwa karibu kufa kwa kiu katika nchi ambayo wenyeji wake waliipita wakiwa wamebeba mizigo.

Nguvu ya mwindaji wa Kikamba haikuwa katika ukubwa wa silaha yake, bali katika sumu. Alichemsha magome na vipande vya mti uitwao msunguti kwa saa nyingi mpaka vikawa kitu cheusi kizito kama lami, akakipaka penye ncha ya mshale, kisha akaifunga ncha hiyo kwa ngozi nyembamba ili isikauke, wala isimchome mwenyewe. Mshale kama huo, ukiwa mbichi na ukipata mahali pake, ulimwangusha hata tembo. Wawata, jirani zao wa upande wa mto Galana, walikuwa mafundi zaidi katika kazi hiyo, na hakuna aibu kwa Mkamba kuyakubali hayo.

Watu hao hao waliowinda walikuwa pia na misitu ambayo hawakuigusa. Mahali patakatifu pa Wakamba huitwa ithembo, na yakiwa mengi ni mathembo. Aghalabu ithembo ni kichaka cha miti mikubwa penye mlima au kando ya maji, na katikati yake mtini au mkuyu wa zamani. Hapo wazee wa kiume na wa kike walipeleka mazao ya kwanza ya shamba, na mvua ilipochelewa walichinja mbuzi na kumwomba Mulungu. Kukata kuni hapo kulikatazwa. Hapakuwa na ua, hapakuwa na askari, wala faini iliyoandikwa; walakini tawi lililoanguka lilioza pale pale lilipoangukia. Mengi ya mathembo hayo sasa yamekwisha kulimwa, hasa tangu watu walipoingia dini nyingine na mashamba yakawa haba. Yako machache yaliyosalia juu ya milima ya Kitui na Makueni, na ukipita karibu utayatambua kwa mbali, kwa kuwa ni kivuli kimoja kilichokolea katikati ya nchi iliyonyolewa. Mimi naona kwamba mtu ayatafutaye mambo ya kale ya Wakamba angetangulia hapo kuliko penye ngoma ya kuwachezea wageni hotelini.

Sasa tuje kwa faru.

Serikali ya kikoloni iliwawekea Wakamba mipaka, na nje ya mipaka hiyo ardhi nyingi ikawa ya walowezi au ya Mfalme wa Uingereza. Watu waliongezeka, mifugo ikaongezeka, na udongo ukachukuliwa na mvua. Serikali ikasema kosa ni ng'ombe. Mwaka wa 1938 ikaanza kuwakamata ng'ombe wa Machakos kwa nguvu ili wauzwe kwa bei ya chini. Ndipo maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakaongozwa na Muindi Mbingu mpaka Nairobi, wakakaa huko kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji ule wa nguvu ukasimamishwa. Shida ya ardhi ilibaki vile vile. Vita vya pili vya dunia vilipokuwa vinakaribia kwisha, serikali ikaamua kuwafungulia watu nchi ya Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa pori lenye miiba, mbung'o, na faru.

Faru walikuwa wengi kupita kiasi tuwezacho kukifikiri leo. Faru mweusi hula vichaka vya miiba, Makueni ilikuwa vichaka vitupu, basi alistarehe. Haoni mbali, na akishtuka hukimbilia kitu kilichomshtua. Kufyeka pori lenye faru kila baada ya hatua chache ni kazi isiyowezekana. Idara ya wanyama ikamtuma mwindaji wake, Mskoti aitwaye John Alexander Hunter, akiwa na wasaidizi Waafrika waliojua kufuata nyayo. Alianza tarehe 29 Agosti 1944. Alipofika tarehe 31 Oktoba 1946, alikuwa ameua faru 996.

Tafadhali usiipite nambari hiyo haraka. Hesabu mwenyewe: ni miezi 26, nayo ni zaidi ya faru mmoja kwa kila siku moja, Jumapili zikiwamo. Na sasa iweke kando ya nambari nyingine. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 faru weusi wote wa Kenya, katika hifadhi zote, walihesabiwa wakawa 966. Bunduki za mtu mmoja, katika sehemu moja ya wilaya moja, ziliangusha faru wengi kuliko wale ambao nchi nzima ilikuwa nao miaka 76 baadaye.

Ni rahisi kukasirika, na wako waandishi wengi wa ng'ambo waliokasirika. Lakini mwandishi wa ng'ambo hana shamba Makueni. Watu waliopewa ardhi hiyo ni wale walionyang'anywa ardhi nyingine, na kama unasoma kitabu hiki katika shule ya Wote au ya Kathonzweni, huenda babu yako ni mmoja wao. Hapo mwanzo wengi hawakutaka kwenda. Walishuku kwamba wanasafishiwa pori ili baadaye wafukuzwe na wazungu waingie, na kwa yale yaliyokwisha kutokea, shaka hiyo ilikuwa na akili. Waliokubali walipewa masharti: idadi ya mifugo, matuta ya kuzuia udongo, namna ya kulima. Walivumilia, wakachimba, wakapanda. Leo nchi ile hutoa maembe na machungwa yanayouzwa mpaka Nairobi na Mombasa. Siwezi kuyatazama maembe hayo nikasema afadhali yangekuwa miiba.

Hata hivyo siwezi pia kusema kwamba hesabu ile ililipwa na aliyestahili kuilipa. Nchi ilikuwa kubwa. Kulikuwa na ardhi yenye rutuba, isiyo na mbung'o, waliyokaa walowezi wachache, nayo haikuguswa. Badala ya kuwasogeza hao, waliondolewa faru, kwa sababu faru hana mjumbe katika baraza. Hunter mwenyewe, aliyekuwa amezoea kuua, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1952 kwamba kazi ile ilimwachia mashaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alijenga nyumba ya wageni penye chemchemi ya Kiboko, ndani ya nchi ile ile, na jina lake limebaki hapo. Alifariki mwaka wa 1963.

Damu ya Makueni ilikuwa haijakauka ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, mwezi wa Aprili mwaka wa 1948. Angalia mwendo wa mambo: upande mmoja wa reli mwajiriwa wa serikali alikuwa amepewa mshahara aue faru, na upande mwingine Mkamba au Mwata aliyeua mnyama mmoja kwa mshale wake akaitwa jangili. Kati ya mwaka wa 1956 na wa 1957 kulikuwa na msako mkubwa Tsavo, na wawindaji wengi wa mishale wakatiwa gerezani. Sisemi kwamba wote walikuwa wakitafuta kitoweo. Wako waliouza pembe kwa matajiri wa pwani, na tembo waliouawa walikuwa wengi. Nasema tu kwamba sheria ilimfikia mwenye upinde kabla haijamfikia mwenye duka.

Kisha yakaja mabaya zaidi kuliko mishale. Inakadiriwa kwamba mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000. Uwindaji wote ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, lakini majangili wenye bunduki za kivita hawakusoma tangazo. Pembe zilikwenda Yemen kufanywa mipini ya majambia, na Mashariki ya Mbali kufanywa dawa. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 faru waliobaki hawakutimia 400. Wengi wa waliosalia walikusanywa wakawekwa ndani ya nyua zenye ulinzi, kama ule wa Ngulia katika Tsavo Magharibi.

Wachache hawakukusanywa. Walijificha Chyulu, katika zaha na vichaka visivyopitika, ambako mtu hupasua viatu vyake kwa siku moja. Mwaka wa 1983 sehemu ya vilima hivyo ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kulikuwa na watu waliokwisha kulima humo kwa kukosa ardhi kwingine, nao wakahamishwa. Ukizungumza na wazee wa Kibwezi utasikia kwamba jambo hilo halijasahauliwa. Huu ndio mchezo ule ule wa Makueni uliogeuzwa: mara ya kwanza mnyama aliondoka ili mtu aingie, mara ya pili mtu aliondoka ili mnyama abaki.

Kwa hiyo ukienda Chyulu, nenda hivi. Pata kibali kwa askari wa hifadhi, nawe usiingie peke yako, kwa kuwa nyati hawana mzaha. Ukiweza, ongozana na mzee au kijana wa kijiji cha karibu, umwombe akutajie miti kwa Kikamba. Utastaajabu kuona kwamba kila mti una kazi, huu wa dawa ya tumbo, huu wa mzinga wa nyuki, huu wa fimbo. Wakamba ni wafuga nyuki hodari, na mizinga ya magogo utaiona imetundikwa kuanzia Kitui mpaka ukingoni mwa hifadhi. Mahali pengine wakulima huitundika kwa waya kuzunguka shamba, kwa sababu tembo huchukia nyuki, naye akigusa waya mizinga hutikisika. Tembo akiingia katika mahindi usiku, mkulima hupoteza chakula cha mwaka kwa saa moja, na malipo ya serikali huchelewa. Ukimsikia mkulima huyo akiwalaani tembo, usimhubirie.

Anza safari yako mapema, ukungu ungali chini. Simama pembeni mwa msitu usikilize matone yanayoanguka kutoka kwenye majani ingawa hakuna mvua. Hayo ndiyo maji ya Mzima na ya Mombasa, yakianza safari yake. Ukifika juu, geuka utazame kaskazini: Makueni yote imelala mbele yako, mabati yake yanang'aa, matuta yake yamepangwa kama mistari ya daftari, na nyuma yake nyika inaelekea Kitui.

Faru hutamwona. Hao wa Chyulu leo huhesabika kwa vidole, nao hutembea usiku. Askari wanaowalinda, ambao wengi wao ni vijana wa Kikamba na wa Kimaasai wa vijiji vya pande zote mbili za vilima, huenda wakapitisha majuma bila kumwona hata mmoja. Hujua kwamba yu hai kwa kuona nyayo zake, kwa kinyesi chake, na kwa picha iliyopigwa usiku na kamera iliyofungwa mtini. Lakini omba uonyeshwe nyayo. Zina vidole vitatu, na upana wake hupita kiganja chako kilichofunguliwa. Askari huzifuata asubuhi kama walivyozifuata wale wasaidizi wa Hunter mwaka wa 1944, kwa ujuzi ule ule wa kusoma majani yaliyovunjika na udongo uliogeuzwa, mpaka zifike penye zaha zipotee. Hapo huandika saa na mahali katika daftari, wakarudi.